Mabawa ya Rangi ya Moshi

Mpaka leo, nikimsuka mtu msimu wa mvua, vidole vyangu hutafuta bawa katikati ya nywele. Wateja wapya hudhani natafuta chawa, wananuna. Wa zamani wanajua. Kwa miaka mingi saluni yangu hapa Hai Mauna, mjini Juba, ilishiriki ukuta mmoja wa mabati na kibanda cha mama muuza kumbikumbi, na kila alipopepeta ungo wake upepo uliniletea mabawa. Yalinata kwenye mafuta ya nywele, yakaelea ndani ya chai, yakajibandika kwenye kioo. Nilimgombeza. Akanijibu kwamba nishukuru, saluni nyingine hulipia mapambo.

Kila mtu alimwita mama, na wanawake wa Uganda wenye maduka upande wa pili wa barabara walimwita Mama Kumbikumbi. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani Kator, padri aliposoma majina ya walioomba misa. Sitaliandika, kwa kuwa mwenyewe hakulipenda. Alisema ni jina la mwanamke mnene, na yeye alikuwa mwembamba hata alipokaa juu ya mkeka wake ungedhani ni nguo imewekwa hapo ikauke.

Kiswahili chake alikiokota Uganda, kambini, miaka ya kukimbia. Mimi changu nilirudi nacho kutoka Kitale nilikokulia, na tulipoanza kujuana tulichekana sana. Mimi nilisema nipo, yeye alisema mimi iko. Akikasirika alihamia kwenye Kiarabu cha Juba, na hapo nilinyamaza, kwa sababu cha kwangu kinatosha kununulia nyanya tu.

Alikuwa bahili. Huo ndio ukweli, na aliyekufanyia wema usimsingizie ukarimu asiokuwa nao. Alipima kumbikumbi kwa kikombe kilichobonyea chini, na mteja akilalamika kuhusu ule ubonyevu aligeuza kikombe, akakitazama kwa mshangao kana kwamba kimebonyea asubuhi hiyo. Lakini mtu mmoja asiyekuwa na akili timamu aliyezungukazunguka soko letu dogo alikula kwake kila siku, na ole wako ucheke. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, leso ya kumbikumbi wa kukaanga mapajani, akitafuna taratibu mahubiri yakiwa marefu. Nilimwambia ni dhambi. Alisema hata nabii aliyekaa jangwani alikula nzige, na hakuna aliyemtoa kanisani.

Pale kibandani palikuwa na makarai matatu, na hakuruhusu mtu yeyote ayachanganye. La kwanza lilikuwa la kumbikumbi wa chini, wanaotoka uwanda ulio chini ya milima ya Imatong: wakubwa, wekundu wekundu, wenye mafuta ya kulowesha gazeti. La pili lilikuwa la wa katikati, kutoka mashamba ya kwenye mteremko, wadogo kidogo na watamu zaidi. La tatu lilikaa tupu karibu mwaka mzima. Hilo lilikuwa la wa juu, kutoka begani mwa mlima, kule ambako alisema ukiamka asubuhi unaona mawingu yamelala chini yako.

Walifika kwa zamu. Mvua za kwanza zilikuwa za wa chini. Hao wakiisha, wa katikati walianza. Wa juu walikuja mwisho kabisa, wakati Juba imeshasahau kumbikumbi na kurudi kwenye samaki wake. Walikuwa wadogo, weusi, na mabawa yao hayakupitisha mwanga kama ya wenzao. Yalikuwa na rangi ya moshi. Ladha yao ilikuwa ya karanga iliyokaa motoni kidogo kupita kiasi. Mama alidai anaweza kuwatambua wote kwa ulimi, macho yamefungwa. Nilimjaribu mara kadhaa. Akipatia, aliniuliza kama sasa nimeona. Akikosea, alisema kijiko changu kina ladha ya dawa ya nywele.

Jambo alilokuwa na hakika nalo kuliko yote ni kwamba hawachanganyiki. "Mlima iko na wenyewe kila pahali," alipenda kuniambia. "Hii ya chini hapana enda juu, baridi nakula yeye. Hii ya juu hapana shuka, joto nakula yeye. Mungu napanga hivyo." Aliyasema hayo akipepeta, bila kuinua macho, na nilimsikia akiyarudia kwa wateja, kwa mapadri, kwa madereva, hata kwa kuku.

Sasa nieleze kuhusu kichuguu na kaka yake, kwa sababu bila hayo mawili humjui mama huyu.

Kwao, huko juu mlimani, kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe. Unarithi kwa baba, unakisafisha majani, unajua kinatoa lini. Siku yake ikikaribia unakifunika kwa blanketi, unanyunyiza maji kidogo, halafu unakaa kando na fimbo mbili unapiga ubao. Unapiga polepole kwanza, kisha haraka, kama matone yanavyoanza na kuzidi. Kumbikumbi walio ndani wanadhani mvua imekuja, wanatoka, wanaingia kwenye shimo ulilowachimbia. Mtu mwingine hawezi kukigusa kichuguu chako ukiwa hai. Na ukifa, kinaachwa kimefungwa mpaka kilio kiishe na mrithi atajwe mbele ya watu.

Kichuguu cha baba yao kilikuwa juu kabisa ya kijiji cha juu kabisa. Vita vilipofika kule wote waliteremka kwenda Uganda, isipokuwa kaka yake. Alikataa kwa sababu ilikuwa siku ya kichuguu kutoa. Alisema atawafuata akimaliza. Hakuwafuata, si siku hiyo wala baadaye, na ndugu wengine walipoisha mmoja mmoja kambini, mama alibaki na huyo tu, mtu aliyeko juu ya mlima usio na mtandao wa simu.

Aliniambia kwamba wakati wanashuka, mvua ya kweli ilinyesha. Nyuma yao kaka alikuwa bado anapiga fimbo. Aliteremka akizisikia zile fimbo mpaka hakujua tena zipi ni fimbo na yapi ni matone. Ndiyo sababu mwanamke aliyekula kwa mvua aliichukia mvua. Ikianza juu ya bati alitia vidole masikioni, na mara nyingine nilimkuta amejikunja nyuma ya makarai. "Mimi nasikia yeye napiga," alisema. "Kila mvua, yeye napiga." Lakini siku za kiangazi, joto linapokuwa kali mpaka watoto wanarudishwa nyumbani kutoka shuleni, alichukua vijiti viwili akapiga karai tupu kwa namna ile ile ya kwao, na sote sokoni tulitazama angani bila kupenda. Sikuwahi kumwelewa katika hilo. Nadhani alitaka kaka asikie kwamba naye yuko.

Kila mwaka alisema mwaka ujao atapanda kumwona. Alisingizia barabara, na kweli barabara ilikuwa na mambo yake. Badala yake kaka alituma kopo. Lilishuka mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, mpaka barabara ya Nimule, likapakiwa kwenye lori la dereva mmoja Mganda, mpole sana, aliyelishusha Nesitu pale malori yanapopumzika. Mama alikwenda mwenyewe kulichukua. Hakuna hata mmoja kati ya waliolibeba kutoka kijiji cha katikati kushuka chini aliyekuwa amemwona kaka kwa macho. Kwa hiyo kaka aliweka alama kwamba ni yeye. Juu ya kumbikumbi waliokaangwa aliacha konzi moja ya mabawa, hakuyapepeta. Mabawa ya rangi ya moshi hayapatikani popote ila juu, na juu kichuguu kilikuwa kimoja.

Mama alilifungulia kopo lile kwenye mlango wa saluni yangu, kwa sababu mwanga wangu ulikuwa mzuri. Alitazama mabawa. Aliyapuliza kidogo. Halafu alisema neno moja, "Iko," na mwili wake wote ulilegea. Hakuuza hata mmoja katika hao. Alitugawia kwa kijiko, sisi majirani, yeye bahili, na aliyekataa alinuniwa mpaka mvua za mwaka uliofuata.

Mambo yalianza kuharibika kwenye karai la pili. Msimu mmoja, wa katikati walipofika, mama aliinama juu yao muda mrefu, akawa anawatoa wakubwa wekundu mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele. Wa chini walikuwa wamo ndani. Msimu uliofuata walikuwa nusu kwa nusu. Alimlaumu yule dereva, ambaye ndiye aliyemletea pia kumbikumbi wa kuuza. Alisema anachanganya njiani ili ajaze debe, na yule Mganda aliapa kwa mama yake na kwa injini ya lori lake. Hakumwamini. Alimnyima salamu, akawa anapokea mizigo yake huku amegeuza uso, na maskini yule akawa anatushukia sisi kuuliza amefanya nini.

Halafu likaja kopo la kaka lenye mabawa meupe.

Nilikuwa namsuka mtu. Niliona tu mkono wa mama umebaki juu ya kopo, hausogei. Nilipokwenda niliona konzi ya mabawa makubwa, yanayopitisha mwanga, na chini yake kumbikumbi wekundu wanene. Nilisema pengine wamekosea kopo. Alinionyesha kifuniko, kamba ilikuwa imefungwa kwa fundo la kaka yake. Nikasema pengine amehamia chini. Alinitazama kwa huruma. Mtu aliyekataa kuteremka hata vita vilipokuja, atateremka kwa sababu gani?

"Kaka nakufa," alisema. "Wao naficha mimi."

Nami niliamini, kwa sababu hesabu yake haikuwa na tundu. Kwao, kama kwetu wengi, habari ya msiba haipakiwi kwenye lori. Mtu aliye mbali hufichwa, anatumiwa salamu za uongo, mpaka apatikane wa kumfuata alipo, akae naye chini na kumwambia uso kwa uso. Kaka akiwa amekufa, kichuguu chake kimefungwa. Watu wema wamechukua kopo lake na kamba yake, wamejifunza fundo lake, wamejaza kumbikumbi wa chini wasio na mwenyewe, wakatuma ili dada aliyeko Juba asishtuke. Walikosea tu rangi ya mabawa.

Basi tulilia. Mkeka ulitandikwa, majirani walileta sukari na mkaa, misa ilisomwa Kator. Mama alifunga kichwani kitambaa kipana cheusi. Dereva alikuja, akakaa chini na wanaume akiwa bado na vumbi la safari, na mama alimwita mbele ya watu akamsamehe. Yule Mganda alipokea msamaha kwa unyenyekevu, ingawa hakuwa amefanya chochote.

Baada ya hapo mama alinitisha. Hakulia tena, hakugomba, hakutania. Alikaa na karai la tatu mapajani. Siku ya jua kali, hakuna wingu, aliinua uso ghafla akaniuliza kama nimeanua nguo. Nikamwambia hakuna mvua. Akasema iko, mbona anaisikia. Hilo lilirudi mara nyingi, nikafika mahali ambapo mimi pia, mchana mweupe, nilisimama na kitana mkononi nikisikiliza bati. Sikupenda. Nilifikiria kuhamisha saluni.

Mteja mmoja ndiye aliyevuruga msiba wetu. Alikuwa msichana wa chuo kikuu aliyetaka rasta ndogo ndogo, kazi ya kutwa nzima, na katika kutwa nzima mtu husema mengi. Alisema anasomea wadudu, na kwamba yeye na wenzake wameanza kwenda milimani kuangalia wanaishi kimo gani. Nilimsimulia habari za jirani yangu, kwa sauti ya chini. Aligeuza kichwa ghafla, nywele niliyoishika ikaniponyoka. Akaniuliza kama nina hakika kwamba kaka huyo amekufa.

Alinieleza taratibu. Hewa inapopata joto, mdudu wa chini huona kule juu kulikokuwa baridi mno kwake sasa kunakalika. Hapandi kwa miguu kwa siku moja. Anaruka msimu huu kidogo, anazaa, wanawe wanaruka kidogo tena, na miaka inavyokwenda utamkuta mahali ambapo bibi yake angekufa kwa baridi. Wale waliokuwa hapo wanafanyiwa hivyo hivyo na joto, nao wanasogea juu zaidi. Kule milimani wameyaona haya kwa vipepeo na kwa mbawakawa. Kumbikumbi hawakuwatazama, alisema, lakini haoni kwa nini wao wawe tofauti.

Mabati hayazuii sauti. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi, sijui tangu lini.

"Hawa ya juu nasogea juu," alisema. "Na mlima ikiisha?"

Msichana alinitazama mimi kwanza. "Ikiisha, mama, hakuna pengine."

"Wewe nasema kaka yangu iko?"

"Sijui habari za kaka yako, mama. Ninasema kopo lile haliwezi kukuambia amekufa. Labda alipiga fimbo kwenye kichuguu chake mwenyewe, na hao ndio waliotoka."

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa tayari kupiga vigelegele, Mungu anisamehe. Lakini uso wake ulikuwa unafanya kitu kingine, na nikaelewa polepole. Ikiwa msichana amekosea, kaka yuko kaburini, na mlima uko vile vile alivyouacha, na wale weusi wako mahali pao wakimngoja. Ikiwa msichana amesema kweli, kaka yu hai, amekaa juu ya mlima ambao si ule tena. Alitakiwa achague amwombee nani, na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari.

"Kaka moja mimi nalia," alisema mwishowe. "Mlima nzima nalia namna gani?"

Akarudi kibandani kwake. Msichana alilia mpaka nikalazimika kuacha kumsuka, nikamtengenezea chai.

Siku iliyofuata mama alikwenda Nesitu, akamwagiza dereva maneno yapande juu mkono kwa mkono kama kopo linavyoshuka. Asitumiwe kumbikumbi tena. Kama kaka yuko, aje mwenyewe. Kama hayuko, aje mtu akae chini amwambie. Kisha alingoja, na kungoja kwake kulikuwa kubaya kuliko kilio, kwa sababu katika kilio alikaa mahali pamoja. Sasa kila lori lililopiga honi barabarani lilimsimamisha.

Mzee alifika asubuhi, kiangazi kikiwa kimeanza, amechukuliwa na bodaboda kutoka alikoshushwa. Alikuwa mrefu, mwenye koti la baridi juani, kopo limekumbatiwa kifuani. Alisimama katikati ya barabara akaita jina ambalo sikuwahi kulisikia, jina la msichana mdogo, na ndani ya kibanda kitu kikaanguka.

Hakumkumbatia. Kwao mtu aliyeliliwa akiwa hai hashikwi mkono kabla hajanawa. Mama alitoka na bakuli la maji, maji yakimwagika njia nzima. Kaka alinawa uso, mikono na miguu pale pale nje, mbele ya soko zima, bila kuuliza kwa nini. Alipomaliza ndipo mama alipomshika masikio yote mawili, akamvuta, akamtazama mdomoni na machoni kama anayenunua mbuzi. Akacheka. Ndipo nilipopiga vigelegele, na wale wanawake wa Uganda wakanipokea.

Waliongea kikwao, na mama alinifasiria akiwa bado amemshika mkono. Kaka alitaka kujua nani alikula chakula cha msiba wake. Alitaka kujua pia kama kilikuwa kitamu. Lakini nyuma ya utani nilimwona ameumia, maana si kila mtu anaweza kuambiwa alifanyiwa msiba kwa ajili ya konzi ya mabawa, asiumie. Alisema hakudhani kama dada angeyasoma hivyo. Aliweka mabawa yaliyotoka, afanye nini? Alikuwa amepiga ubao mpaka mkono ukafa ganzi, na kichuguu cha baba kikatoa wale wekundu. Mwaka wa kwanza alidhani wamepotea njia, akawa anawatoa kabla ya kujaza kopo. Mwaka wa pili weusi walikuwa wachache. Sasa hawapo. Alisikia waliwahi kuonekana juu zaidi, kwenye majani mafupi na mawe karibu na kilele, halafu hata huko hawakuonekana.

Mama alifungua kopo, akayatazama mabawa meupe. Safari hii pia hakusema "Iko", ingawa kaka mwenyewe alikuwa ameketi pale pale, goti lake limegusa la dada yake.

Tulitazamia kwamba atakivua kile kitambaa cheusi. Mwanamke mmoja alimletea hata cha maua. Kesho yake alikuja na kile kile cheusi kichwani, amekifunga vizuri zaidi kuliko siku za msiba. Nilimwambia watu watasema anamtakia kaka yake kifo.

"Huyu narudi," alisema. "Kitambaa sasa hapana ya yeye."

Alipanda na kaka kabla ya mvua. Mwaka ule ujao aliokuwa akiusema siku zote ulikuwa umefika. Ungo aliniachia mimi, na karai la tatu aliniomba nisilitumie kwa kuoshea nywele. Upande wa pili wa bati palikaa muuza vocha, kijana safi, hana upepo wala takataka, na saluni yangu ikawa nadhifu kwa namna ambayo ilinikera.

Nilimwona tena mara moja. Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa zimekolea dereva alipokuja kuniambia kwamba mama atashuka mpaka Nesitu, na ananitaka. Nilifunga saluni. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha lori lililokuwa likibadilishwa gurudumu, kopo pembeni, mweusi zaidi kwa jua la juu, mwembamba kama kawaida, kitambaa kichwani. Alininusa nywele akasema bado natumia mafuta yale mabaya.

Alinisimulia kwamba amepanda mpaka kileleni. Alipita kichuguu cha baba, akapita mahali kaka aliposikia walionekana, akifuata majani mafupi na mawe. Alibeba ubao na fimbo mbili. Kila palipofanana na kichuguu alikaa akapiga, na palipokuwa hapana kichuguu alipiga juu ya ardhi tupu. Alisema kule juu mlio wa fimbo hauna kitu cha kuugonga ukarudi, unaondoka tu. Alipiga siku nyingi. Mara moja alisikia mvua nyuma yake, akageuka kwa furaha, na kumbe ni fimbo zake mwenyewe.

Nilimuuliza kama alipata hata bawa moja.

"Mafi," alisema kwa Kiarabu cha Juba. Hakuna.

Akanipa kopo, akanizuia nisilifungue. Alisema mabawa siku hizi yanadanganya. Chini ni yale yale, katikati ni yale yale, na kwao ni yale yale. Mtu yeyote anaweza kujaza kopo popote na kunitumia, nami nitasema yuko kumbe hayuko. Hakutaka nimlilie bure kama alivyomlilia kaka, na hakutaka nisimlilie siku yenyewe ikifika. Aliinua mkono, akafungua kitambaa cheusi, akauma ukingo wake kwa meno na kurarua ukanda mwembamba, usiozidi kamba ya kiatu. Aliusokota, akafungua kopo, akauweka juu ya kumbikumbi mahali kaka alipokuwa akiweka mabawa.

"Hii kitambaa iko moja tu dunia nzima," alisema. "Kila mvua wewe naona hii, mimi iko."

Nilitaka kutania, nimwambie angalau sasa hakutakuwa na takataka kwenye chai yangu. Lakini gurudumu lilikuwa limekwisha kufungwa na utingo alikuwa anatuita. Alijifunga tena kile kitambaa, nami nilikitazama kinavyomzunguka kichwa, mara mbili na kipande, nikapima kwa macho kinaweza kuraruliwa mvua ngapi. Alinikuta napima. Alinishika mkono akanielekeza upande wa magari ya Juba, nikapanda na kopo langu.